Kitenzi cha Herufi Tano

Bwana Mungo Pringle, mtunga kamusi wa Hawick,
alimletea Effie Laidlaw boksi la viatu
lililojaa vikaratasi, kila kimoja na neno lake,
na juu kabisa kitenzi cha herufi tano,
kikongwe, hakisikiki tena hata mnadani:
kupigana na mtu mpaka umwache mtupu.

“Nitafutie visawe. Peni tatu kwa kila kimoja.
Na usiniletee iba.
Mwizi huvua viatu mlangoni.
Kitenzi hiki kina farasi ndani yake.”

Effie akalamba ncha ya penseli.
Pora, akaandika. Pokonya.
Nyang’anya: hili akalitamka mara mbili,
lina king’ong’o, kama watoto wawili
waliong’ang’ania kipande kimoja cha mkate.
Teka. Twaa. Kwapua.
Dhulumu akaliandika, akalifuta,
akalirudisha.

Usiku akamuuliza mavyaa wake, Grizel,
aliyekuwa akimenya viazi kwa kupapasa,
maana macho yalikwisha kumtupa mkono.
“Neno hilo lilikuwa letu,” akasema Grizel,
“kama wengine walivyo na shamba.
Babu wa babu yangu alivuka mpaka mwezi ukiwa mpevu,
akarudi na ng’ombe kumi na wanne, mablanketi,
na sufuria ya uji ambao haujapoa.
Wenyewe akawaachia mlango.
Mwezi uliofuata wakaja wao.
Wakachukua ng’ombe, wakachukua sufuria,
wakang’oa na mlango.”
“Mlikuwa mnaitaje?”
“Kuvuna.”
Ganda la kiazi likaanguka chini, refu, halijakatika.

Effie akaandika: vuna.
Akaweka alama ya kuuliza, akaifuta pia.

Jumatatu ikaja barua ya Idara ya Pensheni.
Sim, mwanawe, alibaki Ufaransa
mahali ambapo ramani ya posta haina jina.
Shilingi tano kwa wiki, iliandika Idara,
zilizokuwa zikitolewa kwa ajili ya marehemu,
kuanzia tarehe moja zimesitishwa.
Chini palikuwa na sahihi nzuri, ya mkono uliotulia.

Akachukua kikaratasi kipya.
Sitisha.

Mungo alikuja Alhamisi, mvua mabegani.
Akapanga vikaratasi mezani kama mcheza karata,
vuna akaipokea kwa kicheko,
akafika kwenye cha mwisho, akakigeuza, akakigeuza tena.
“Hiki hakina farasi, mama.”
“Wamo, bwana. Wamefungwa London.”

Hakusikia. Alikuwa na habari yake mwenyewe
na ilimwasha ulimi:
“Unajua hakijafa kabisa, kile kikongwe chetu?
Kimejificha ndani ya neno la msiba.
Mfiwa, ukilifumua neno lenyewe,
ni mtu aliyeporwa.”

Effie akakaa kama mtu aliyeonyeshwa
chumba cha nyumba yake asichowahi kukifungua.

Sisi tunaoandika kwa lugha hii husema amefiwa.
Kifo kimepita na shughuli zake,
naye, amesimama kando,
amepakwa viambishi viwili vidogo mgongoni mwa kitenzi.
Hatusemi nani amechukua.
Labda ni adabu. Labda ni woga.
Kule kwao neno linajua kwamba mtu aliingia,
kwamba palikuwa na purukushani,
kwamba mlango ulikuwepo.

“Vinane,” akasema Mungo. “Shilingi mbili kamili.”
“Niliandika tisa.”
“Sitisha si kisawe. Nimekiondoa.”
Akaziweka sarafu juu ya meza, moja, ya pili,
akavaa kofia, akashukuru kwa chai.

Kikaratasi kilibaki kando ya kikombe.
Grizel akauliza kutoka jikoni amelipa ngapi.
Effie hakujibu. Alikigeuza kile kikaratasi,
akalamba tena ncha ya penseli,
na upande wa nyuma, kwa herufi za darasani,
akaandika: kata.